Bomu la Via Rasella na mauaji ya Ardeatine: hivi kweli "si wangejisalimisha tu"?

Kila ikikaribia tarehe 24 mwezi wa tatu, Waitalia huwa wanarudia ubishi uleule. Mmoja anasema vijana wa upinzani walilipua bomu Roma mwaka 1944 wakakimbia kujificha, Wajerumani wakabandika matangazo mji mzima kwamba wahusika wajitokeze la sivyo tutaua raia, vijana wakakaa kimya, na watu 335 wakafa badala yao. Story hii utaisikia mpaka kwa watu ambao hawana shida yoyote na mapartisani (hao wapiganaji wa upinzani), bibi na babu zao wamewasimulia hivyo na wengine wanaapa kabisa kwamba tangazo waliliona kwa macho yao ukutani. Sasa mi nataka tukipitie hiki kisa taratibu, tena tukipitie kwa saa, maana ukishaweka saa ya kila tukio mezani ile story inakosa pa kusimama.

Tuanze na hali ya mji. Septemba 8, 1943 serikali ya Italia chini ya waziri mkuu Badoglio inatangaza kusimamisha vita na Waingereza na Wamarekani, mfalme na Badoglio wanakimbia Roma usiku kwa usiku bila kuacha maagizo ya maana kwa jeshi, na ndani ya siku mbili Wajerumani wameshauchukua mji japo kuna wanajeshi na raia waliopigana nao pale Porta San Paolo. Kwa makaratasi Roma ilikuwa "mji wazi", yaani mji usio na shughuli za kijeshi. Kiuhalisia malori na vikosi vya Kijerumani vilikatiza humohumo kila siku kuelekea kusini, hasa baada ya Januari 22, 1944 washirika waliposhuka kwenye fukwe za Anzio, ambako ni karibu kiasi kwamba mizinga ilikuwa inasikika mjini. Mkuu wa usalama wa SS (kikosi cha chama cha Hitler) pale mjini alikuwa Herbert Kappler, ofisi yake Via Tasso, jengo la kawaida tu la makazi ambalo madirisha yalijengewa matofali na vyumba vikageuzwa selo. Huyu ndo Kappler aliyewadai Wayahudi wa Roma kilo 50 za dhahabu ndani ya saa 36 ili wasichukuliwe, wakachangishana wakazitoa, na Oktoba 16, 1943 wakakamatwa hivyohivyo, zaidi ya elfu moja wakapelekwa Auschwitz na waliorudi walikuwa 16. Kwahiyo ukisikia mtu anaongelea "utulivu wa Roma kabla ya bomu" muulize utulivu wa nani.

Ndani ya mji huo kulikuwa na vikundi vya GAP, vikundi vidogovidogo vya wapiganaji vilivyoundwa na chama cha kikomunisti, watu wachache wachache, majina ya bandia, nyumba za kuazima, usiku wa leo hapa kesho kule. Wengi walikuwa wanafunzi wa chuo. Walikuwa wameshapiga mara nyingi tu kabla ya hapo, kwenye hoteli, kwenye sinema walizokuwa wanaenda wanajeshi wa Kijerumani, kwenye maandamano ya mafashisti, na majibu yalikuwa misako, saa za kutotoka nje kuongezwa, na mpaka baiskeli kupigwa marufuku kwa sababu jamaa walikuwa wanapiga wakiwa juu ya baiskeli na kupotea (Waroma nao hawakukubali kushindwa, wakafunga gurudumu la tatu ikawa si baiskeli tena, ni kitu kingine).

Wakati huo kuna kijana anaitwa Mario Fiorentini, ambaye baadaye alikuja kuwa profesa wa hesabu, aliona kitu. Karibu kila siku mchana kompani ya polisi wa Kijerumani inapita njia ileile, inapandisha Via Rasella, kamtaa kembamba kenye mteremko katikati ya mji, watu 150 na kidogo, wenye silaha, wanaimba kwa sauti huku wakipiga hatua. Walikuwa wa Polizeiregiment Bozen, kikosi kilichokusanywa Tirol ya Kusini, eneo la Italia la watu wanaoongea Kijerumani ambalo Wajerumani walikuwa wamejichukulia baada ya Septemba. Njia moja, saa moja, mtaa mwembamba. Kwa mtu wa GAP hapo umeshapewa kila kitu.

Siku iliyochaguliwa ni Machi 23, 1944, Alhamisi, siku mafashisti walipokuwa wanaadhimisha miaka 25 ya kuanzishwa kwa vuguvugu lao Milano mwaka 1919. Rosario Bentivegna, mwanafunzi wa udaktari, umri 21, anavaa nguo za mfagiaji wa manispaa na kusukuma mkokoteni wa taka mpaka katikati ya Via Rasella. Ndani ya mkokoteni kuna kilo 18 za TNT, kilo 12 kwenye chombo cha chuma na sita zimewekwa kando pamoja na vipande vya vyuma. Kompani huwa inapita kama saa nane mchana. Saa nane inafika, hola. Saa nane na nusu, hola. Saa tisa, hola. Fikiria upo katikati ya mtaa na mkokoteni wenye kilo 18 za baruti, unajifanya unafagia palepale ulipofagia muda mrefu sasa, na moto wa kuwashia utambi umeutunza kwenye kiko mdomoni ambacho kinazimika unakiwasha tena, kinazimika unakiwasha tena. Na chini kule karibu na ofisi za gazeti la Il Messaggero kuna Carla Capponi, mpiganaji mwenzake, kashika koti la mvua mkononi siku ya jua, koti ambalo Bentivegna atalivaa juu ya sare ya ufagiaji akishakimbia. Askari kanzu wawili wanaolinda gazeti wakaanza kumtupia jicho, msichana na koti la mvua kwenye jua la hivi, anamsubiri nani?

Wakatokea alasiri kwenye saa tisa na dakika hamsini hivi. Franco Calamandrei anavua kofia, ndo ishara. Bentivegna anaushusha moto wa kiko kwenye utambi, utambi wa sekunde kama 50, anaweka kofia yake ya ufagiaji juu ya mkokoteni ili wenzake wajue umeshawaka, anapandisha juu bila kukimbia. Capponi, ambaye ameshapanda mpaka juu ya mtaa, anamtupia koti mabegani. Mlipuko. Wenzao waliokuwa kwenye mtaa wa pembeni wakatupa mabomu ya mkono waliyoyatengeneza kutokana na mabomu ya mota (mzinga mdogo), wakapotea. Hakuna hata mmoja wa kikundi aliyekamatwa siku ile. Polisi waliobaki, wakidhani wanapigwa kutoka juu, wakafyatua risasi hovyo kwenye madirisha, na mashimo ya zile risasi bado yapo kwenye kuta za jengo la kona mpaka leo, ukipita Roma utayaona.

Polisi waliokufa mpaka usiku walikuwa 32, wa 33 akafuata. Na kulikuwa na raia. Mvulana mdogo aliyekuwa anapita akafa palepale kwa bomu, na mwanachama wa kikundi kingine cha upinzani, Bandiera Rossa, ambaye hakuwa na taarifa ya mpango naye akafa. Huyu mvulana naomba tumweke akilini, nitamrudia, kwa sababu wapenzi wa mapartisani wana tabia ya kumruka.

Sasa tuhame upande wa pili. Dakika chache baadae anafika Jenerali Kurt Mälzer, kamanda wa mji, ametoka kwenye chakula kirefu cha mchana hotelini na alikuwa amelewa, anapiga kelele kwamba anataka kulipua mtaa mzima na watu waliomo. Konsuli wa Kijerumani Möllhausen ikabidi abishane naye hapo barabarani. Watu wote waliokutwa kwenye zile nyumba wakapangwa ukutani mikono juu kwenye uzio wa Palazzo Barberini. Simu zikaanza kwenda kaskazini. Kwa ushahidi waliokuja kuutoa wenyewe mahakamani, makao makuu ya Hitler yalitaka watu kati ya 30 na 50 kwa kila polisi mmoja, Jenerali von Mackensen aliyekuwa na jeshi la 14 upande wa Anzio akaja na hesabu ya kumi kwa mmoja, Kesselring, mkuu wake wa majeshi ya Kijerumani Italia, akaipitisha, na usiku uleule Kappler alikuwa ameshaambiwa aandae orodha. Tafadhali angalia saa hapo. Usiku wa tarehe 23. Hakuna aliyesema tuwape masaa 24 wajitokeze, hakuna aliyesema tubandike kitu.

Kappler akakesha na makaratasi. Alikuwa amejitapa kwamba anao watu wa kutosha "wanaostahili kifo" mikononi mwake, alipoanza kuhesabu waliokuwa wamehukumiwa kifo kweli wanahesabika kwa vidole vya mkono mmoja. 32 mara kumi ni 320. Atawatoa wapi? Akaweka wafungwa wa Via Tasso, akaweka wa mrengo wa Wajerumani pale jela ya Regina Coeli, watu waliokuwa wanasubiri kesi, watu waliokamatwa na makaratasi ya propaganda, baadhi ya waliozolewa jirani na Via Rasella, akaongeza Wayahudi ambao kosa lao ni kuwa Wayahudi (mwisho wa yote waliouawa walifika kama 75). Bado hawatoshi. Akampigia Pietro Caruso, mkuu wa polisi wa Kiitalia wa Roma, nipatie 50. Caruso alieleza mahakamani kwamba alienda kumwamsha waziri wa mambo ya ndani wa serikali ya kifashisti, Buffarini Guidi, kitandani hotelini, na waziri akamwambia wape, usipowapa nani anajua watafanya nini. Ndo ulivyoidhinishwa uhai wa watu 50, mtu yupo kwenye shuka.

Watu wetu hupenda kusema wapiganapo tembo ziumiazo nyasi, na kisa hiki wamekisemea hivyohivyo mara nyingi. Mi naukataa huo usemi hapa. Nyasi huumia kwa kukanyagwa bila kuonwa. Hawa walipigwa taipu, jina kwa jina.

Kazi ya kuua ilitakiwa iende kwa kikosi chenyewe cha Bozen, kamanda wao akagoma. Jeshi la Mackensen nalo likaombwa watu likakataa. Ikabaki kwa Kappler na watu wake wa ofisini, wengine ni makarani na madereva. Akapiga hesabu ya muda: watu ni wengi, wapigaji wachache, kwahiyo risasi moja ya kisogoni kwa kila mtu, hakuna kikosi cha kupiga kwa pamoja, hakuna padri. Mahali pakatafutwa, mapango ya machimbo ya mchanga wa volkano kando ya Via Ardeatina, karibu na makaburi ya kale ya Wakristo, pazuri kwa sababu ukishamaliza unalipua mlango tu.

Mchana wa Machi 24 malori yakaanza kushusha. Kwenye saa tisa na nusu alasiri mauaji yakaanza, yaani hata masaa 24 tangu bomu hayajatimia. Watano watano, mikono imefungwa nyuma, wanaingia pangoni kwa mwanga wa tochi, wanapigishwa magoti, na Erich Priebke, ofisa wa SS chini ya Kappler, yuko pale na orodha anakata majina. Walioingia baadaye ilibidi wapande juu ya miili ya waliotangulia. Askari wakapewa konyaki. Ofisa mmoja akasema hawezi, Kappler hakumfokea, akamshika kiunoni akaenda naye wakapiga pamoja, ndo uongozi huo. Siku hiyo ikaja habari kwamba polisi wa 33 kafariki, Kappler kwa akili yake mwenyewe akaongeza watu kumi, Wayahudi waliokuwa wamekamatwa siku hiyohiyo. Na mwisho ikaonekana wamebaki watano ambao hawamo kwenye hesabu, orodha ya Caruso ilichelewa, watu wakazolewa Regina Coeli harakaharaka, hesabu ikavurugika. Hao watano wakauawa pia, kwa sababu walikuwa wameshaona. 330 na watano, 335.

Waliokuwemo ni nani? Kanali Montezemolo, kiongozi wa mtandao wa siri wa wanajeshi watiifu kwa mfalme, aliyeteswa wiki nyingi Via Tasso na hakutaja mtu. Padri Pietro Pappagallo aliyekuwa anatengenezea watu vitambulisho vya bandia. Majenerali. Mwimbaji wa opera. Kijana wa Kiyahudi wa miaka 15 pamoja na baba yake. Walimu, akiwemo Gioacchino Gesmundo na Pilo Albertelli wa falsafa. Na kwa Albertelli ngoja nisimame kidogo maana hapa kuna kamba inayofika kwetu Afrika Mashariki: mmoja wa wanafunzi wake alikuwa Giorgio Marincola, aliyezaliwa Mahaday, Somalia, mwaka 1923, mama Msomali na baba askari wa Kiitalia. Marincola alikuwa anasomea udaktari Roma, akaingia kwenye upinzani upande wa mwalimu wake, Roma ilipokombolewa hakwenda kupumzika, akarushwa kwa parachuti kaskazini mwezi wa nane 1944, akakamatwa Januari 1945, mafashisti wakamweka redioni awaponde wenzake, yeye akasema nchi yake ni uhuru na haki, kipigo kikasikika hewani. Aliuawa na SS Mei 4, 1945 huko Stramentizzo, wakati vita Italia vimeshaisha kwa makaratasi. Watu wa pembe hii ya Afrika wanajua ufashisti haukuanza ukatili Roma. Februari 1937 vijana wawili walimtupia mabomu ya mkono Graziani, mtawala wa Kiitalia wa Ethiopia, pale Addis Ababa na kilichofuata ni siku tatu za kuchinja na kuchoma maelfu ya watu. Hiyo adhabu ya kulipiza kwa raia ilikuwa na uzoefu wake.

Turudi Roma, sasa tunafika kwenye lile tangazo. Taarifa ya Wajerumani ilitolewa na shirika la habari la Stefani Machi 24 kwenye saa tano kasoro dakika tano usiku. Magazeti yakaichapa kesho yake mchana. Inasema polisi 32 wameuawa, inasema kwa kila Mjerumani wahalifu kumi wa kikomunisti na wa Badoglio watapigwa risasi, halafu inamalizia: amri hii imeshatekelezwa. Imeshatekelezwa. Mwananchi wa Roma habari ya kwanza kabisa aliyoipata kuhusu kulipiza kisasi ilikuwa kwamba kumeshalipizwa. Angejisalimisha saa ngapi, kwa nani, kwa ombi gani?

Sasa huo uongo ulitoka wapi? Mi naona mbegu yake ni gazeti la Vatikano, L'Osservatore Romano, la Machi 26, lililoandika kwa huzuni kuhusu wahanga 32 upande mmoja na upande mwingine watu 320 waliotolewa sadaka kwa ajili ya wahusika waliokwepa kukamatwa. Soma tena hapo, waliokwepa. Muuaji hayumo kwenye sentensi. Baada ya vita mafashisti waliobaki wakaukuza, halafu maumivu ya familia yakafanya kilichobaki, na hilo silibezi hata kidogo, mjane anayetambua soksi za mumewe kwenye mwili uliooza ana haki ya kumkasirikia yeyote anayeweza kumfikia, na Bentivegna alikuwa anafikika, alikuwa daktari palepale Roma. Kappler alikuwa jela. Hizo soksi sitanii: baada ya mji kukombolewa Juni 4, 1944 daktari Attilio Ascarelli na watu wake waliitoa ile miili mmoja mmoja wakaitambua kwa vitambaa, funguo, meno, vikaratasi mifukoni. Wachache hawana majina mpaka leo.

Je shambulio lilikuwa la busara? Hapa ndo pana mjadala wa kweli, na ndani ya upinzani wenyewe walikuwepo waliokasirika kwa sababu hawakushirikishwa. Giorgio Amendola wa wakomunisti ndo alibeba kwamba amri ni yake. Kijeshi, polisi 33 hawakubadilisha chochote Anzio. Kisiasa, Mjerumani aliambiwa katikati ya mji kwamba Roma si mahali pa kupumzikia, na hilo ndo lilikuwa lengo. Mi nadhani lengo lilikuwa halali na mahali palikuwa pabaya. Mtaa wa watu, alasiri, kilo 18, na kompani imechelewa karibu masaa mawili huku watu wanazidi kupita. Bentivegna alijaribu kuwafukuza waliokuwa karibu, yule mvulana akatokea. Kifo chake ni cha mikono ya GAP. Vifo vya wale 335 si vya GAP, na kuvichanganya hivi vitu viwili kwenye gunia moja ndo ujanja wenyewe wa ile story.

Mahakama zilienda hivi, nitapita haraka. Caruso alihukumiwa na kupigwa risasi Septemba 1944, na siku kesi yake ilipotakiwa kuanza umati uliingia ukamuua Carretta, aliyekuwa mkuu wa jela ya Regina Coeli, tukio baya sana la peke yake. Mackensen, Mälzer na Kesselring walipewa kifo na Waingereza, vikageuzwa kuwa kifungo, Mälzer akafia gerezani 1952 na wale wawili wakatoka mwaka huohuo. Kappler alipata kifungo cha maisha mwaka 1948, na sikiliza hii: kwa wale 320 mahakama ya kijeshi iliona huenda aliamini amri ni halali, kilichomfunga ni wale kumi aliowaongeza mwenyewe na wale watano wa hesabu mbovu. Agosti 1977 mke wake akamtorosha kutoka hospitali ya kijeshi Roma, akafia Ujerumani Februari 1978. Priebke aliishi Bariloche, Argentina, kwa jina lake halisi, mpaka mwandishi wa televisheni ya Marekani alipomkuta barabarani 1994. Akaletwa Italia, 1996 mahakama ikasema ana hatia lakini haadhibiki, watu wakazingira jengo usiku, akakamatwa tena, 1998 maisha, kifungo cha nyumbani, akafa 2013 akiwa na miaka 100.

Mapartisani nao walishtakiwa. Baadhi ya familia za Ardeatine zilifungua madai, na mwaka 1957 mahakama ya juu ikasema Via Rasella ilikuwa tendo halali la vita. Kesi ya kifo cha yule mvulana ikafufuliwa miaka ya 90, 1999 jibu likawa lilelile. Na bado Machi 2023 Ignazio La Russa, rais wa Seneti, alisimama akasema waliouawa Via Rasella walikuwa bendi ya muziki ya watu karibu kustaafu. Akaja kuomba radhi. Wale jamaa wengi walikuwa watu wa miaka thelathini na kitu mpaka arobaini, polisi chini ya SS, wana bunduki na mabomu ya mkono kiunoni, na kuimba waliimba kwa sababu waliamriwa kuimba.